Bosi wangu anasoma sana habari za teknolojia, naomba ushauri

Wakuu habari zenu. Mimi ni developa kwenye kampuni ndogo tu hapa Dar, sistimu yetu ni ya stoo na mauzo, nimeiandika kwa PHP (lugha ya programu) na MySQL (ya kutunza data), inapiga kazi freshi. Shida ni bosi, kila asubuhi kabla hata sijanywa chai kashanitupia linki WhatsApp. Kuna kipindi alitaka blokcheini (daftari la kidijitali ambalo kumbukumbu zake ni ngumu kuchezewa) kwenye stoo ya saruji eti mifuko isipotee, wakati mifuko inapita getini mlinzi anaangalia.

Sasa hivi ni AI (akili mnemba). Kasikia Jensen Huang, bosi wa kampuni ya Nvidia, alisema Dubai 2024 kwamba watoto hawana haja ya kujifunza kuandika programu, basi ananiuliza mbele ya watu mbona bado ananilipa. Nikamwambia huyo jamaa anauza chipu za hiyo hiyo AI, ni kama muuza mchele akwambie ugali umepitwa na wakati, akanuna.

Juzi bosi kaiambia AI imtengenezee ripoti ya mauzo, ikatoka na marangi kibao ila VAT imejumlishwa mara mbili, kurekebisha nani, mimi. Na siikatai AI jamani, mwenyewe naitumia kila siku.

Mliopitia haya, mnamwelewesheje bosi wa hivi bila kuonekana unaogopa kufukuzwa? Na nyongeza ya mshahara niombe sasa au nisubiri trendi nyingine?