Naomba ushauri: watazamaji wamegawanyika kuhusu picha ya The Hobbit kwenye projekta mpya ya ukumbi wetu

MwalimuWaFasihi

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa fasihi katika shule moja ya upili hapa Nairobi, upande wa Eastlands, na ni mlezi wa chama cha wanafunzi ambacho husoma riwaya moja kila muhula kisha kutazama filamu iliyotokana nayo. Muhula huu tumesoma The Hobbit, riwaya ya J.R.R. Tolkien iliyotoka mwaka 1937, na tunakusudia kuwaalika wazazi na majirani katika ukumbi wa kijamii wa mtaa ili tutazame pamoja filamu ya kwanza kati ya tatu alizoziongoza Peter Jackson, ile iliyotolewa Desemba 2012.

Ukumbi umepata projekta mpya ya leza, na wiki iliyopita tuliijaribu kwa kuonyesha nusu saa ya mwanzo mbele ya wanafunzi na wazazi wachache. Nilikuwa nimejiandaa kuongoza mjadala kuhusu jinsi filamu ilivyoipanua riwaya, lakini mazungumzo yote yalikuwa juu ya picha yenyewe. Mama mmoja, ambaye muda wote alikuwa ameshika nakala ya riwaya ya binti yake, alisema kwamba nyumba ya Bilbo, mhusika mkuu, ilionekana kuwa studio na wala si nyumba, na kwamba aliweza kuona mahali ndevu za vibeti zilipobandikwa. Wazee wawili walimuunga mkono wakisema kuwa inafanana na michezo ya kuigiza ya televisheni. Wanafunzi wengi, kwa upande wao, walishangilia. Walisema hawajawahi kuona picha inayokwenda kwa ulaini namna ile, na walipoambiwa kwamba kuna kasoro hawakuelewa kasoro ni ipi.

Baadaye niligundua katika menyu ya projekta kuna kipengele cha kulainisha mwendo, nacho kilikuwa kimewashwa tangu kiwandani. Nimesoma pia kwamba Jackson alirekodi filamu hii kwa fremu (yaani picha moja moja zinazofuatana) 48 kwa sekunde badala ya 24 za kawaida, na kwamba hata huko ng'ambo watazamaji waligawanyika. Je, mwonekano tuliouona ndio alioukusudia mwongozaji? Nikiuzima, nitakuwa nimeiheshimu kazi yake au nitakuwa nimeipunguza? Naomba mnielekeze, kwa sababu nataka wageni wetu waingie ndani ya hadithi, wasibaki nje wakiikagua.

FundiMitambo

Mwalimu, hapa kuna mambo mawili yanayofanana kwa macho lakini asili zao ni tofauti kabisa.

Fremu 48 za Jackson zilikuwa za kweli. Kamera zilizokuwa New Zealand zilipiga picha 48 tofauti kila sekunde, na kila moja ilikuwa na kitu ambacho waigizaji walikifanya mbele ya lenzi. Lakini diski uliyo nayo haina fremu hizo. Toleo la fremu 48 lilionyeshwa katika baadhi ya kumbi za sinema tu, na diski zilizouzwa kwa ajili ya nyumbani, za Blu-ray na hata zile za 4K zilizokuja baadaye, zina fremu 24. Kwa hiyo mlichokiona ukumbini ni projekta ikichukua fremu mbili zinazofuatana, ikikisia kinachopaswa kuwa katikati yake, kisha ikichora picha ambayo hakuna kamera iliyowahi kuipiga. Wewe ni mtu wa fasihi, kwa hiyo nitalieleza hivi: ni sawa na mnakili wa utenzi anayeongeza mishororo yake kati ya mishororo ya mtunzi, akidai kwamba anausaidia mdundo.

Ushauri wangu ni kukizima, na nausema bila kusita. Tazama ukingo wa mkono wa mwigizaji anapoupitisha haraka mbele ya uso wake, utaona ukungu unaotetemeka kuuzunguka. Hapo ndipo mashine imekisia vibaya, na filamu hii imejaa mapigano ya namna hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hulisahau. Ukikizima tu bila kugusa deki, huenda picha ikaanza kurukaruka kila kamera inapozunguka polepole juu ya milima. Hii hutokea deki inapotuma picha mara 60 kwa sekunde. Namba 24 haiingii katika 60 kwa usawa, hivyo fremu moja hurudiwa mara mbili na inayofuata mara tatu, na jicho huona mwendo unaochechemea. Ingia katika menyu ya deki, uchague itume fremu 24 kama zilivyo, kisha uhakikishe projekta nayo inazipokea hivyo. Watu wengi huwasha kulainisha mwendo ili kuficha mchechemeo huo, kumbe dawa yake ilikuwa kwenye deki.

MzeeWaRili

Mwalimu, nashukuru kwa swali lako, maana linagusa kazi niliyoifanya kwa miaka mingi. Niliendesha mashine za filamu za milimita 35 katikati ya jiji, enzi ambazo familia zilijazana kwenye magari kwenda Fox Drive-In kule Thika Road au Bellevue upande wa Mombasa Road. Kila futi ya mkanda ilibeba fremu 16, futi 90 zilipita mbele ya taa kila dakika, na rili ya futi 2,000 ilikwisha kwa dakika 22 hivi. Ulikaa ukitazama pembe ya juu ya kulia ya skrini ukingoja alama ndogo ya duara, kisha ukabadilisha mashine bila mtazamaji kujua lolote.

Nalisema hili kwa sababu vijana wengi hudhani fremu 24 zilichaguliwa kwa ajili ya uzuri. Hazikuchaguliwa hivyo. Filamu za kimya zilizungushwa kwa mwendo uliobadilikabadilika, lakini sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilihitaji mkanda uende kwa mwendo mmoja usioyumba, na 24 ilikuwa kiasi kilichotoa sauti ya kuridhisha bila kuteketeza mkanda mwingi, maana mkanda ulikuwa ghali. Ili mwanga usipepese, mashine zetu ziliimulika kila fremu mara mbili kabla ya kuvuta inayofuata. Kwa hiyo mtazamaji alipata mimuliko 48 kwa sekunde tangu zamani. Jambo jipya la mwaka 2012 lilikuwa kwamba kila mmuliko ulibeba picha yake.

Ama yule mama aliyesema anaona studio, naomba msimpuuze, kwa kuwa macho yake yamefunzwa. Michezo ya kuigiza tuliyoitazama KBC ilirekodiwa kwa kamera za video, ambazo hapa kwetu hutoa vipande 50 vya picha kila sekunde, ilhali filamu za sinema zilikuwa na mwendo mzito zaidi. Kwa miongo mingi tulijua bila kuambiwa na mtu: mwendo laini ni studio na taarifa ya habari, mwendo mzito ni hadithi kubwa. Yeye anaisoma picha kwa lugha aliyokulia.

BintiPangani

Heshima yako, Mzee. Nakubaliana na maelezo yako, lakini hoja hiyohiyo ndiyo inayonifanya niwatetee wanafunzi wa Mwalimu. Ikiwa macho ya wazazi yalifunzwa na KBC, ya vijana yamefunzwa na mechi za kandanda na michezo ya kompyuta inayokwenda fremu 60 kwa sekunde. Kwao ulaini hauna harufu ya studio. Sioni kwa nini mazoea ya kizazi kimoja yaitwe ladha na ya kingine yaitwe kutojua.

Tena historia haikuishia kwa Jackson. Aprili 2012, alipowaonyesha wenye kumbi za sinema kule Las Vegas dakika kama kumi za filamu hiyo, wengi walilalamika maneno yaleyale ya yule mama, na yeye alishikilia kwamba macho huhitaji muda kuzoea. Mwongozaji Ang Lee alikwenda mbali zaidi kwa fremu 120 mwaka 2016, na kumbi zilizoweza kuionyesha kazi hiyo kikamilifu zilikuwa chache mno duniani. Mwongozaji mwingine, James Cameron, katika Avatar ya 2022, alitumia fremu 48 kwa baadhi ya matukio tu na kuyaacha mengine yakiwa na mwonekano wa 24. Watu wazito wa sinema wameendelea kuijaribu njia hii, kwa hiyo siamini kwamba ni upuuzi.

Hata hivyo nakubaliana na Fundi kuhusu projekta. Fremu za kukisiwa sizitetei. Ninachoomba ni kwamba wanafunzi wasiambiwe kuwa walikosea kufurahia.

MsomajiMakini

Mimi nitaongeza neno upande wa riwaya, kwa sababu nahisi lawama nyingine inabebeshwa fremu bila haki. Riwaya ni fupi, imesimuliwa kwa sauti ya mzee anayewaburudisha watoto jioni, na mambo mengi mazito huyapita kwa sentensi moja. Filamu tatu zina dakika 169, 161 na 144, yaani karibu saa nane. Ile nusu saa uliyoonyesha, Mwalimu, ndiyo sehemu ambayo hadithi imetulia zaidi: watu wanakula, wanaimba, wanaosha vyombo. Mtazamaji asiyevutwa na hadithi hubaki akitazama ndevu.

Jaribu tukio la mafumbo kati ya Bilbo na Gollum, yule kiumbe wa pangoni. Pango lina giza, nyuso ziko karibu, na maneno yanakwenda kwa mpangilio uleule wa kutegana vitendawili ambao wanafunzi wako wanaujua tangu shule ya msingi. Hata wengi waliochukizwa na fremu 48 walilisifu tukio hilo. Nadhani sababu ni kwamba pale hakuna anayepata nafasi ya kukagua ukuta.

MwalimuWaFasihi

Nawashukuru sana. Fundi, naomba unifafanulie jambo moja. Nikizima kulainisha mwendo, kwa nini ndevu na vipodozi vilionekana bandia kiasi kile hata picha iliposimama? Pia projekta ina uwezo wa 3D, na baadhi ya wanafunzi wanaitamani.

FundiMitambo

Picha ikisimama, Mwalimu, unaona ukali wa picha na rangi, na hivyo havitokani na fremu. Angalia kwanza kama projekta iko katika hali ya rangi kali inayokusudiwa kwa vyumba vyenye mwanga. Ibadilishe iwe hali ya sinema, na ukali wa kuongezwa uushushe. Fahamu pia kwamba kamera za kidijitali za RED walizotumia zilififisha baadhi ya rangi, hasa wekundu, hivyo walilazimika kuwapaka waigizaji na hata miti ya msituni rangi kali kuliko kawaida, kisha wakasawazisha baadaye. Projekta inayoongeza rangi juu ya hapo inaharibu usawa huo.

Jambo la pili ni kwamba Jackson alijua toleo la fremu 24 lingetengenezwa kwa kuacha fremu moja katika kila mbili. Kwa kawaida kamera ya fremu 24 huiachia kila fremu mwanga kwa sehemu 1 ya 48 ya sekunde. Yeye aliweka sehemu 1 ya 64, katikati ya desturi hiyo na ile ya fremu 48, ili matoleo yote mawili yavumilike. Kwa hiyo hata mkizima kila kitu, mwendo utakuwa mkavu kidogo kuliko wa filamu nyingine. Huo ndio wenyewe, msiuhangaikie.

Kuhusu 3D, ningeiacha. Miwani hula mwanga mwingi, na ukumbi wa kijamii wenye madirisha hauna mwanga wa kupoteza. Hata walioirekodi waliteseka nayo: kwa kuwa kamera zilikuwa na macho mawili, ile mbinu ya zamani ya kumsogeza mwigizaji karibu ili aonekane mkubwa haikufaa, na Ian McKellen akajikuta akiigiza mchawi Gandalf peke yake katika chumba cha kijani, akizungumza na picha za vibeti, hadi akalia.

BintiPangani

Mwalimu, kabla ya kuwaalika majirani, kumbuka kwamba diski ya dukani ni ya kutazamia nyumbani. Onyesho la wazi linahitaji ruhusa ya mwenye haki, na chini ya sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura 222, linahitaji pia leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Anza mapema.

MwalimuWaFasihi

Nimepokea, Dada, na barua nimeanza kuziandika.

Jana jioni tulirudia jaribio kama mlivyoelekeza. Deki inatuma fremu 24, kulainisha mwendo kumezimwa, rangi iko katika hali ya sinema, na madirisha tuliyaziba kwa mablanketi. Tulionyesha tukio la mafumbo. Yule mama alikuwepo, na safari hii hakutaja ndevu wala kuta. Alimuuliza binti yake kwa nini Bilbo hakumuua Gollum alipopata nafasi, nao wakafungua riwaya kutafuta sura hiyo. Wanafunzi wanne bado wanapendelea picha ya awali, na wametoa sababu zao vizuri. Nimeamua onyesho liwe kwa mpangilio huu wa jana. Baada ya filamu, hao wanne watawasha kile kipengele kwa dakika tano, warudie tukio hilohilo, na wawaeleze wazazi wanachokipenda ndani yake.

MzeeWaRili

Mpangilio mzuri. Kwa dakika 169, weka mapumziko baada ya vibeti kuondoka Rivendell, makao ya elfu, na umwombe Fundi akuonyeshe namna ya kuanza tena mahali palepale bila menyu kutokea kwenye skrini. Ukihitaji mtu wa kukaa na mashine, mimi nipo.