Waridi gani kwenu linanukia kweli? Na springi/masika hii mnashughulika na nini?

MtangaLeeds
Wadau habari za jumapili. Nina swali ila naanzia mbali kidogo mnivumilie. Mwaka jana mwezi wa kumi tumehamia nyumba yenye kibustani kwa nyuma, hapa Leeds, kabla ya hapo miaka saba tuko flati, udongo nagusa nikienda kwetu Tanga tu. Kwenye hicho kibustani tumekuta miwaridi mitatu ya zamani, mirefu inanipita kichwa, mmoja ulikuwa na ua moja la mwisho kubwa kama kisosi, la njano lenye pinki pembeni, harufu kiduchu. Baridi ikaingia ikabaki miiba mitupu, mi nikajua ndo imekufa hivyo. Mwezi wa tatu mwanzoni bibi jirani (themanini na kitu huyo, glavu za ngozi mpaka viwikoni) akaniita kwenye fensi akaniuliza unapogolea lini, nikamwambia sijui hata pa kuanzia, akaja na mkasi wake akakata yote mpaka magotini. Magotini jamani! Nikamshukuru kwa adabu, nikaingia ndani nikampigia simu mume wangu nikamwambia bibi wa watu katumalizia maua.

Sasa hivi ni katikati ya April na kila kijiti alichokata kimetoa chipukizi rangi ya damu ya mzee, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, asubuhi natoka na chai yangu nasimama tu nayatazama kama mwehu.

Swali lenyewe: nataka kuongeza mmoja karibu na mlango wa jikoni na LAZIMA unukie. Haya ya supamaketi nimechoka nayo, unaweka pua ni kama unanusa karatasi. Mama yangu alikuwa na mwaridi mmoja kwenye debe la mafuta ya kupikia, ua lenyewe dogo wala halina umbo, ila likichanua hata ukipita nje ya ua unajua. Nyie kwenu mna lipi? Na pia springi hii, au masika kwa mlioko nyumbani, mnafanya nini cha mikono? Mi nimejaza dirisha la jikoni mchicha kwenye vikopo vya mtindi, mume analalamika hana pa kuweka kikombe.

Wa_Limuru
Dada huyo jirani mpelekee chapati, amekufanyia kazi watu hulipia pesa. Waridi usipolikata linazeeka, maua yanapanda juu kabisa na chini kunabaki kuni.

Kuhusu harufu wacha nikueleze maana nimefanya kazi kwa greenhouse huku Naivasha miaka kumi na moja. Waridi la kuuza nje halikuchaguliwa kwa sababu ya pua ya mtu, limechaguliwa kwa safari. Linakatwa bado limefunga, linaingia chumba baridi, linalazwa kwa katoni, linapanda ndege, na likifika kwenu bado mteja anataka likae kwa chombo cha maua zaidi ya wiki bila kuinamisha kichwa. Wanaozalisha aina mpya walikuwa wanatafuta hiyo, shina refu na ua gumu, harufu ikapotelea njiani na hakuna aliyeitafuta. Mwaka wa 2015 kuna watafiti wa Ufaransa walilinganisha Papa Meilland, ambayo ni nyekundu nzito na inanukia vibaya sana (vibaya kwa uzuri hahaha), na Rouge Meilland ambayo pia ni nyekundu lakini haina kitu, wakapata kuna kimeng'enya cha kutengeneza harufu, kwa petali za ile ya kwanza kinafanya kazi sana na kwa ile ya pili karibu hakuna. Kwa hivyo si pua yako.

Langu la nyumbani ni Double Delight. Likifunguka ni krimu, halafu jua likilipiga zile kingo zinageuka nyekundu, kila siku nyekundu inasogea ndani kidogo, ukilifungua ndani ya nyumba linabaki limepauka tu. Harufu iko juu sana. Ubaya wake hapa Limuru ile baridi ya mwezi wa saba na ukungu, majani yanapata ule unga mweupe, inabidi niliachie nafasi upepo upite.

Na kitu kingine. Hiyo miwaridi ya zamani karibu zote zimeunganishwa juu ya mizizi ya waridi lingine, huku kwetu tunatumia sana Natal Briar. Ukiona fimbo inatoka chini ya lile fundo la pale lilipounganishwa, mbio mbio, rangi tofauti na zingine, hiyo si waridi lako ni ile mizizi inataka kurudi kwao. Usiikate, fukua kidogo uing'oe kwa mkono, ukikata inarudi na wenzake.

Chuga_Mkulima
Mi mawaridi nilishaachana nayo. Nilikuwa nayo manne yamepangwa mbele ya nyumba, meupe ya Iceberg, nikayahudumia mwaka mzima samadi maji kupalilia, siku yanachanua pamoja kwa mara ya kwanza mbuzi wa jirani akaingia. Mbuzi haogopi mwiba jamani, anameza kama biskuti. Sasa hivi nina bugenvilia ukuta mzima, silimwagii, silisemeshi, linachanua tu. Ila Limuru umenifanya niyakumbuke, kaa chonjo usije ukanirudisha.

BintiShangani
Mtanga, hilo la mama yako mbona nalijua bila ya kuliona. Ndio hilo hilo letu la hapa Unguja, la pinki, dogo, limejikunja kunja, kwenye kitalu mtu hata hakuuzii anakuona mshamba. Mimi ninalo kwenye ndoo iliyopasuka. Kwa joto la pwani haya makubwa ya kizungu yanataabika, ua linafunguka asubuhi na jioni limeshachoka, na masika yakishika majani yanaingia madoa meusi yanageuka manjano yanapukutika yote ukabaki na fimbo. Dawa yangu ni kuokota majani yote yalioanguka na kuyachoma moto, na maji namwagia chini kwenye shina, juu ya majani simwagii kabisa, mana yale madoa yanakwenda na umaji.

Nalichuma mapema kabla jua halijatoka, hapo ndipo harufu imo ndani bado. Ikiwa kuna harusi mtaani wananijia, "hebu tugaie waridi za kikuba", kile kishada cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake, basi nawapa na mrehani na asumini, mkadi wanautafuta wenyewe. Waridi la dukani ukilitia kwenye kikuba limekaa pambo tu, asumini ndo inafanya kazi yote.

Springi hatuna lakini masika ndo wakati wangu wa kukata vijiti. Nachukua kijiti kilichokwisha kutoa ua, urefu wa kalamu, natoa majani ya chini nabakisha mawili juu, nachomeka kwenye mchanga uliochanganywa na samadi ya zamani, natia kivulini. Kwa kumi napata sita saba. Kiangazi ukijaribu mambo hayo unajichosha bure.

Ruwi_Mpemba
Asalaam alaykum. Mimi niko Maskati, Omani, na kwetu springi ipo, ila uifuate mlimani. Mwisho wa mwezi wa tatu mpaka katikati ya mwezi wa tano mawaridi ya Jabal Akhdar ndo yamo kuchumwa, juu huko kiasi cha mita 2,000, hapa chini sisi tumeshawasha AC. Tulikwenda wiki ilopita na watoto, tukalala huko mana wanachuma alfajiri, ukifika saa tatu ushachelewa. Ni lile waridi la Damaski, pinki, miti imo kwenye vipande vya ngazi ngazi mlimani, na maji yanakuja kwa falaji, ile mifereji ya zamani ya huku. Mzee mmoja akatuingiza kwenye nyumba anayopikia, mna jiko la udongo, chungu kinatiwa mawaridi tele, ndani kinawekwa kibakuli cha shaba, juu kinafunikwa na chombo chengine chenye maji ya baridi. Mvuke ukigonga pale penye baridi unadondokea kwenye kibakuli. Yanatoka maji ya rangi ya kahawia na yananuka moshi, mwanangu akasema baba haya ni chai. Yanawekwa siku nyingi yatulie ndo yanakuwa marashi ya kutia kwenye halua na kwenye kahawa.

Nilijaribu kupanda mmoja wa huko kwenye roshani yangu hapa chini Ruwi, mtaa wa Maskati. Ulinihurumia miezi miwili.

KakaBrum
Dada wa Leeds, la njano lenye pinki pembeni, kubwa, harufu kidogo, kwenye bustani ya zamani ya Uingereza: bila kuona picha nakisia ni Peace. Lilitoka kwa Meilland wa Ufaransa, jina likapewa 1945 vita vinaisha, likapandwa kila nyumba. Majani yake mazito yanang'aa, angalia mwezi wa sita.

La mlangoni chukua Gertrude Jekyll. Ni la David Austin, 1986, pinki imekolea, lina harufu ya waridi ya kizamani kabisa, nadhani ndo litakaribia la mama yako. Miiba sasa, watoto waambie. Ya mizizi mitupu, yale yanayouzwa bila udongo, msimu wake umeisha, nunua ya kwenye chungu. Na usilipande pale palipong'olewa waridi lingine, udongo huo unakuwa umechoka na mwaridi mpya unadumaa tu.

MtangaLeeds
Jamani asanteni, nimesoma yote mara mbili. Shangani umeniliza na ndoo yako iliyopasuka. Nimeshaagiza Gertrude. Chapati jirani kapelekewa nne, karudisha sahani na mkasi wake wa akiba juu yake.

Ila leo nimekuta yale machipukizi yamejaa wadudu wadogo wa kijani, wamepangana mpaka kwenye vitumba. Nipulize sabuni?

BintiShangani
Vidukari hao. Sabuni usikimbilie, utaunguza majani machanga khasa jua likiwa kali. Wapukuse kwa vidole, taratibu, kitumba kisivunjike. Wengine waachie ndege.

MtangaLeeds
Nimewapukusa nusu saa nzima, kucha zote kijani. Mwanangu kaniangalia mikono akasema chapati leo apike baba.