Diklofenaki kwa mwenye presha anayesagika magoti: ibuprofeni ni afadhali?

Kaunta ya Dawa
Wakuu, mama wa miaka 63, magoti yanasagika. Anameza losartani (dawa ya presha) yenye haidroklorothiazidi (dawa ya kukojoza), na aspirini miligramu 75 kila asubuhi tangu apate kiharusi. Mwezi mzima yuko kwenye diklofenaki, dawa ya maumivu, miligramu 50 mara tatu kwa siku. Presha 168/96. Nimhamishie ibuprofeni?

Mfamasia wa Zamu
Hapana mkuu. Diklofenaki aiache leo, ila ibuprofeni siyo njia ya kutokea. Tangu 2013 Ulaya imeikataza diklofenaki kwa aliyewahi kupata kiharusi. Uchambuzi wa mwaka huohuo uliangalia miligramu 150 kwa siku, yaani dozi yake hasa: kwa kila watu 1,000 wanaoimeza mwaka mzima, wanaongezeka kama 3 wenye shambulio la moyo, kiharusi au kifo cha aina hiyo. Aliyekwisha kuugua yuko juu ya hapo. Dawa hii huangusha prostasaiklini inayolegeza mishipa, halafu thromboksani inayogandisha damu inabaki bila wa kuizuia. Figo nazo hushikilia chumvi na maji, ndiyo maana losartani inaonekana haifanyi kazi.

Ibuprofeni hukalia pale aspirini inapotakiwa kushika kwenye chembe sahani (chembe za damu zinazoigandisha), hivyo aspirini inashindwa kumkinga. Aspirini ya kawaida ingebidi itangulie kwa dakika 30 au zaidi, au ifuate zaidi ya masaa 8 baada ya ibuprofeni. Kwa dozi tatu kwa siku, nani ataweza ratiba hiyo?

Kaunta ya Dawa
Naproxeni je? Au jeli?

Daktari wa Viungo
Naproxeni, dawa ya kundi hilohilo, ina nafuu kwa moyo, lakini pamoja na aspirini tumbo linavuja damu, na ikikutana na losartani na dawa ya kukojoza, figo zinaweza kufeli. Anza na jeli ya diklofenaki ya asilimia 1, gramu 4 kwa kila goti, mara 4 kwa siku. Inayofika kwenye damu ni kama asilimia 6 tu ya ile ya vidonge. Hata hivyo daktari wake ajulishwe.

Parasetamoli gramu 1, isizidi mara 3 kwa siku, na isiwe ya kuyeyusha kwenye maji: kidonge kimoja kinaweza kubeba miligramu 400 za sodiamu, ile ya kwenye chumvi inayopandisha presha.

Mfamasia wa Zamu
Mwambie alete dawa zote alizonazo nyumbani. Vidonge vya mchanganyiko vya mgongo na viungo mara nyingi vina diklofenaki na parasetamoli ndani, kwa hiyo ataacha huku anaendelea. Sindano ya diklofenaki nayo ni dawa ileile. Presha ipimwe tena baada ya wiki, pamoja na kreatinini (kipimo cha figo) na potasiamu kwenye damu. Miguu ikivimba, au uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, aende hospitali siku hiyohiyo.