Nimeuza hisa zangu usiku wa manane kwa bei ya kutupa, dalali ananijibu "ulikubali masharti"

Wakuu, mtanisamehe nikiwa mkali. Uzi huu nimeuandika mara mbili nikaufuta, ila majibu ya dalali yaliyoingia leo mchana yamenimaliza.

Nilikuwa na hisa 40 za kampuni moja ya Marekani, nilizinunua kwa dola 62 kupitia programu ya simu (siitaji, msinilazimishe). Nilijua usiku ule wanatoa hesabu za robo mwaka, nikajikinga kwa kuweka stopu kwenye 58: bei ikigusa hapo, ziuzwe. Msimu huo, wa saa za kiangazi za Marekani, soko la New York lilikuwa linafungwa saa tano usiku ya kwetu. Likafungwa hisa ikiwa 64.10. Nikalala roho kwatu.

Saa sita na ushee simu inatetemeka: "Hisa yako imeshuka 14%." Nafungua, nyekundu tupu, bei imeandikwa 55.10. Stopu yangu iko wapi? Ipo, imeandikwa "inasubiri". Inasubiri nini, wakuu, na 58 tumeshaipita zamani?

Ndiyo nikajua kuwa kwa madalali wengi stopu inaangalia bei za saa za kawaida tu. Kengele ya kufunga ikigonga, inalala. Biashara yenyewe hailali. Kwa saa za msimu huo inaendelea hadi saa tisa usiku yetu kwenye mitandao inayokutanisha oda za wanunuzi na wauzaji wachache waliobaki macho. Nairobi soko likifungwa saa tisa alasiri, limefungwa, unakwenda kunywa chai yako. Huku kwa wenzetu mlango wa mbele unafungwa, wa nyuma unaachwa wazi.

Nikapaniki. Nikabonyeza "Uza sasa". Saa hizo huwezi kuuza kwa bei yoyote iliyopo sokoni, lazima uweke limiti, yaani bei ya chini unayoikubali. Programu ikanijazia yenyewe 51.30 na kaneno kadogo chini: "ili oda ipite haraka". Ikapita kweli, sekunde moja tu.

Ilipokwisha kupita ndipo nikaangalia kilichokuwa nyuma ya ile namba kubwa. Mnunuzi wa juu kabisa alikuwa kwenye 51.30, muuzaji wa chini kabisa kwenye 56.80. Mwanya wa dola tano na nusu! Mchana hisa hiyo hiyo mwanya wake ni senti mbili tatu. Ile 55.10 ilikuwa bei ambayo watu wawili waliuziana hisa kidogo dakika kadhaa nyuma. Aliyekuwa tayari kunipa mimi 55.10 hakuwepo. Sasa kwa nini mnaniandikia kama ndiyo thamani ya mali yangu?

Kesho yake soko likafunguliwa kwa 59.40. Siku nzima haikushuka chini ya 58.70, yaani hata stopu yenyewe isingeguswa. Ningekuwa nimezima simu, hisa zangu ningekuwa nazo. Tofauti ya dola 8.10 mara 40 ni dola 324. Wengine hiyo ni hela ya soda, mimi ni kodi ya miezi.

Na hizi bei za usiku siyo mara ya kwanza kutuchezea. Tarehe 13 Februari 2024 Lyft, kampuni ya Marekani ya usafiri wa kuita kwa simu, walitoa taarifa baada ya soko kufungwa, wakaandika kwamba kiwango chao cha faida kwa kipimo fulani kitapanuka kwa pointi 500, na kila pointi 100 ni asilimia moja, yaani asilimia 5. Hisa ikaruka zaidi ya asilimia 60 usiku huo huo. Kumbe ni pointi 50, yaani asilimia 0.5, wameongeza sifuri! Mkuu wao wa fedha akasahihisha kwenye kikao na wachambuzi, bei ikaporomoka. Aliyenunua kule juu kabisa akamlilie nani?

Hata sheria ya Marekani inayozuia oda yako ipitishwe kwa bei mbaya wakati soko jingine lina bei nzuri zaidi inafanya kazi saa za kawaida tu. Usiku kila mtandao na bei yake.

Nimelalamika, nikajibiwa kwamba hatari zote "zilielezwa kwenye masharti". Nimekwenda kusoma. Ni kweli, kanuni ya 2265 ya FINRA, wanaosimamia madalali wa Marekani, inawataka wamwonye mteja: wanunuzi wachache, mwanya mpana, bei kuyumba. Wameonya, kwa herufi za mchwa, kwenye waraka niliobonyeza "nakubali" siku ya kufungua akaunti. Lakini ule ujumbe wa kunishtua saa sita usiku wameuandika kwa herufi kubwa nyekundu. Wanajua vizuri sana kuandika kikubwa wakitaka.

Najua mtakuja na "si ulibonyeza mwenyewe". Ndiyo, nilibonyeza mimi, na huo upuuzi ni wangu. Ninachodai ni kimoja: soko likifungwa, pale pale penye bei paandikwe kwamba stopu imelala, na bei ya mnunuzi wa kweli ionekane kabla ya kile kitufe.

Mwenye programu ambayo stopu yake inafanya kazi hadi saa za usiku aje aseme hapa, na aliyewahi kulalamika akarudishiwa hata nusu anielekeze alianzia wapi.