Mchuuzi anadai nimrudishie fedha za maparachichi: naomba ushauri

Mkulima wa Kabare
Ndugu zangu, nawasalimu. Nina miti kumi na mmoja ya maparachichi, au maavoka kama tunavyosema huku, katika shamba la mteremko nililoachiwa na marehemu baba. Kila msimu mchuuzi wa Bukavu hutaja bei ya mti mzima, nami hukubali kwa sababu karo ya watoto haingoji. Vijana wake hutikisa matawi hadi matunda yote yadondoke, machanga kwa yaliyokomaa. Safari hii alirudi siku ya nne akidai sehemu ya fedha zake, kwa kuwa mengi yalinyauka bila kuiva. Tena miti miwili ya chini, karibu na mfereji, inakauka kuanzia juu. Jirani ananishauri niing'oe yote nipande Hass, ile aina ya parachichi. Nifanyeje?

Mama wa Kadutu
Baba, usirudishe fedha, maana waliochuma ni watu wake. Mimi nauza avoka sokoni: lililoanguka huonekana zima, lakini likiiva na kukatwa lina weusi upande mmoja, na mteja huyo humwoni tena. Avoka haiivi mtini ila baada ya kuchumwa, kwa hiyo usikubali kuharakishwa. Chuma matatu, uyaweke nyumbani; yakilainika bila ngozi kukunjamana, mengine ya ukubwa huo yamekomaa. Yachume kwa mkono, ukiacha kikonyo kifupi, kisha utuuzie kwa beseni.

Agronoma
Mzee, fukua kidogo pembeni mwa ile miti miwili. Ukikuta mizizi midogo ni myeusi na inakatika kirahisi, huenda ni ugonjwa wa kuoza mizizi, ambao hustawi pale maji yanapotuama. Geuza mkondo wa mfereji, na jembe ulilotumia huko ulioshe kabla ya kwenda nalo kwenye miti ya juu. Hass nayo huugua vivyo hivyo, kwa hiyo kung'oa yote ni hasara tupu: mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti mwingine, huchukua miaka 3 au 4 kuzaa. Afadhali ukate mti mmoja mzima kiafya, ubebeshe Hass kwenye machipukizi yake, na mingine iendelee kulipa karo.

Mkulima wa Kabare
Asanteni sana. Nimefukua jioni hii, na mizizi ni myeusi kama makaa. Kesho tunageuza mfereji. Maparachichi matatu nimeyachuma na kuyaweka juu ya kabati, na mchuuzi nimemwambia asubiri hadi nione yatakavyokuwa.