Dragon Ball Z Tenkaichi 3 kwenye mabanda ya PS2: tupeane uzoefu, katiba ya banda lenu ilikuwaje?

Mzee wa Chogo (Temeke)
Wakuu habari za mida hii. Huu uzi ni wa wale tuliokulia kwenye mabanda ya PS2 na sio upande wa mpira, mpira una nyuzi zake za kutosha. Nazungumzia ile gemu ya kupigana ya katuni ya Kijapani, Dragon Ball Z Budokai Tenkaichi 3, kazi ya kampuni ya Spike, ya 2007, ile yenye wahusika 161 ukihesabu na maumbo yao yote ya kujigeuza. Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa anataja jina lote hilo, unafika unasema "weka Goku" jamaa anachomoa diski. Tena wengine tulimjua huyo Goku, shujaa mkuu wa katuni, kwenye TV ya chogo pale bandani kabla hata hatujaona katuni yenyewe, hadithi tulikuwa tunatungiana wenyewe nani baba wa nani.

Sasa gemu haikuja na maelekezo ya nani anaachia pedi na mhusika gani haruhusiwi kuchukuliwa, hayo tuliyatunga sisi, na kila banda lilikuwa na katiba yake. Naanza na yetu:

Anayepigwa anashuka, haina rufaa. Ramani ya usiku yenye mwezi marufuku, maana kuna washenzi walikuwa wanachukua Vegeta yule wa kifaa cha jichoni, mwezi ukiwepo anajigeuza nyani mkubwa na yule nyani humkamati humrushi, unampiga ngumi anakuangalia tu. Na ukipigwa na mtu aliyemchukua Mr. Satan, yule mwenye masharubu asiyejua hata kuruka mpaka avae mtambo mgongoni, basi siku hiyo umemaliza, nenda nyumbani. Kuna kaka mmoja mkubwa tu ana ndevu alipewa lile boksi la zawadi la Satan, likamlipukia damu ikaisha, aisee hakuonekana wiki nzima.

Karibuni, shusheni za kwenu.

Mbishi wa Tandale
Sisi nyani tulikuwa tunaruhusu. Usiyemweza nyani ujifunze, sio uweke sheria. Ila kumchukua mhusika yule yule mechi mbili mfululizo ilikuwa haramu, ukishinda na Broly mechi ijayo unatafuta mwingine. Hii ilisaidia sana ndo maana wa kwetu walikuwa wanawajua mpaka wahusika wadogo kama Nail na kina Saibaman, unakuta mtoto wa darasa la tatu anakushika miguuni kwa Saibaman anajilipua na wewe, mnakufa wote afu benchi zima linapiga kelele nani ashuke.

Muuza Saa (Morogoro)
Mimi nachangia kutoka upande wa pili wa meza, nilikuwa na banda. Mnaongelea katiba kama vile mliitunga nyie, wadogo zangu sheria zote zilikuwa za biashara. Kwanini anayepigwa anashuka? Kwa sababu analipa tena. Kwanini muda wa mechi niliupunguza kwenye mipangilio? Kwa sababu mkiachiwa bila muda mnapaa angani kila mmoja upande wake mnajaza nguvu kwa kitufe cha L2 dakika tatu hamjagusana na luku inakimbia.

Sasa kilichoniumiza kuliko vyote ni ile mwanga kwa mwanga. Wanaojua wanajua, wewe umetuma Kamehameha, ule mwanga wa Goku wa mikononi, na mwenzio katuma wake zinakutana katikati, hapo gemu inataka mzungushe analogi, vile vijiti vya pedi, anayezungusha kwa kasi ndo anamzidi mwenzake. Mtoto anaweka pedi pajani anazungusha kwa kiganja kama anasaga karanga! Ndani ya mwezi analogi imekuwa laini inaegemea upande mmoja, mtu anacheza mpira mchezaji anatembea mwenyewe kwenda kona. Pedi zenyewe nilizokuwa nanunua ni zile feki maana orijino ulikuwa huwezi kurudisha hela yake. Nikaandika ukutani kwa makapeni, KUZUNGUSHA KWA KIDOLE TU, KIGANJA FAINI. Walikuwa wanasubiri nitoke nje.

Na memori kadi niliitembeza mfukoni. Kadi ya 8MB ndani yake wahusika wote wamefunguliwa, ule ni mtaji, banda la jirani diski wanayo ila wahusika nusu hawajafunguka kwa hiyo wateja wanavuka barabara wanakuja kwangu. Kuna mtu alinipa hela nzuri tu nimkopie nikakataa.

Kijana wa Kisauni
Hahaha faini ya kiganja, hiyo nimeikubali. Mombasa huku ilikuwa kumi bob game moja na yetu ilikuwa na maneno ya Kihispania, sijui zile diski zilitoka wapi lakini hakuna aliyekuwa anajua kusoma menyu, tulikariri tu chini mara mbili kisha ekisi. Sheria yetu kubwa ilikuwa ya kuungana. Ukichukua timu ya Goku na Vegeta unabonyeza kitufe cha R3 wanaungana wanakuwa mtu mmoja, sasa ubishi, je akishaungana akipigwa ni kama wamepigwa wawili au mmoja? Gemu inajua jibu lakini benchi halikubali jibu la gemu. Tumepigana kweli kweli juu ya hilo, sio kwa pedi. Baadaye mwenye duka akatufundisha ile ya pointi, DP, kila mhusika ana bei yake na timu haivuki kiwango mlichokubaliana, wakubwa bei ghali, Satan bei ya njugu. Ubishi ukaisha lakini wengine walisema imekuwa kama hesabu za shule wakahama.

Dada wa Tanga
Mimi bandani nilikuwa siruhusiwi kwenda, mama alisema ni kwa wavuta bangi. Nilicheza nyumbani na kaka zangu na sheria ilikuwa moja, Asha, yaani mimi, anapewa pedi mbovu. Kwa sababu ya hiyo pedi kitufe cha pembetatu kilikuwa hakishiki vizuri nikaacha kurusha vimipira nikawa natumia kitufe cha duara tu. Na hapo ndo nikagundua ukibonyeza duara sekunde ile ile ngumi inakufikia unapotea unatokea nyuma yake. Sio kabla sio baada. Wao walikuwa wanashikilia duara kujikinga muda wote, mimi nikawa nawasubiri na Android 18, wanapiga hewa, natokea mgongoni nawapeleka mlimani. Kaka mkubwa akasema pedi imelogwa akaitaka yeye, akapewa, akapigwa nayo.

@Muuza Saa samahani ila pedi mbovu zinafundisha.

Wa Maskati
Mie nna PS5 huku, Sparking! Zero, mwendelezo mpya wa hizi Tenkaichi, niliinunua ilipotoka Oktoba 2024. Nzuri wallahi, wahusika 182, na imeuzika kopi milioni tatu ndani ya siku moja tu. Lakini nlipowaita binamu zangu kutoka Unguja walokuja likizo tucheze wawili kwenye TV moja, kumbe skrini ya kugawana ilipotoka ilikuwa kwa uwanja mmoja tu, kile Chumba cha Roho na Muda, kweupe pepepe hakuna hata jiwe la kumbamizia mtu. Viwanja vyengine ilikuwa mpaka uende mtandaoni. Na mtandaoni mtu akiona anapigwa anachomoa waya, ondoka zako. Bandani uchomoe waya, utatoka mlangoni?

Mbishi wa Tandale
@Wa Maskati hapo umeua. Bandani waya ulichomolewa mara moja na aliyechomoa alibebwa.

Hotspoti
Nyie wazee, sisi tumecheza kwenye simu, Tenkaichi Tag Team ya PSP kwenye PPSSPP, app ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu, wawili kwa wawili, mmoja anawasha hotspoti wengine wanaunga, bando halitumiki. Sheria yetu hosteli: mwenye hotspoti hachagui kwanza, maana kwake haikwami na kwetu inakwama. Tenkaichi 3 nayo inapiga kwenye AetherSX2, app kama hiyo ila ya gemu za PS2, ila simu iwe na nguvu, ya kwangu inachemka unaweza kupasia nguo.

Mzee wa Chogo (Temeke)
Hotspoti sheria yako nimeiweka kwenye katiba. Nimesahau kusema, Toriyama, mchoraji aliyeianzisha Dragon Ball, alipofariki Machi 2024 grupu letu la WhatsApp la banda lile lilikuwa limekufa miaka, siku hiyo likaamka, mmoja yuko Mwanza, mwingine dereva wa malori, na badala ya pole wakaanza upya ile kesi ya yule kaka na boksi la Satan. Anasema pedi ilikuwa haishiki.

Muuza Saa (Morogoro)
Wote husema hivyo. Pedi ilikuwa nzima.

Mzee wa Chogo (Temeke)
Wewe si uko Morogoro, umejuaje?

Muuza Saa (Morogoro)
Anayepigwa na Satan pedi yake huwa nzima popote. Lete kesi nyingine.