Usambara kwa juma moja: twende Juni au Desemba, na tuanzie wapi?

Mwalimu wa Shinyanga

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi habari za Milima ya Tao la Mashariki bila kuikanyaga hata siku moja. Sasa nimekusudia kwenda Usambara, mojawapo ya milima hiyo, mkoani Tanga, kwa juma moja pamoja na mama yangu mzazi na wanangu wawili wanaosoma sekondari. Likizo zetu ni mbili, ya Juni na ya Desemba, nami nashindwa kuamua ipi inafaa zaidi. Watoto wanataka misitu na vinyonga. Mama anataka kuwaona watu wenyewe, yaani vyakula vyao, ngoma zao na sikukuu zao. Je, Wasambaa, wenyeji wa huko, wana tamasha lenye tarehe maalumu ambalo tunaweza kulilenga? Na je, mtu mzima ambaye magoti yake hayamruhusu kupanda vilima virefu atanufaika na safari hii, au nitamchosha bure?

Mzawa wa Mlalo

Mwalimu, karibu sana kwetu. Nianze na swali la tamasha, kwa sababu wageni wengi hufika Lushoto wakitarajia kukuta jambo kama Mwaka Kogwa wa Makunduchi kule Zanzibar, lenye majira yake na uwanja wake, kisha wakalikosa na kudhani kwamba hatuna utamaduni wa kuonyesha. Sherehe za Usambara ni zile zinazofanywa na watu kwa ajili ya maisha yao: Idi mbili, Maulidi, Krismasi na Pasaka, harusi, na siku za gulio. Milimani kwetu Waislamu na Wakristo huishi pamoja, mara nyingi katika ukoo mmoja. Wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891, na Uislamu ulipanda kutoka pwani kwa njia ya biashara, kwa hiyo utamkuta baba mdogo ni mzee wa kanisa na mtoto wa kaka yake ni mwalimu wa madrasa, na sikukuu ya mmoja huliwa na wote.

Kwa sababu hiyo ninakushauri uje Desemba, ufike siku chache kabla ya Krismasi. Ndipo watoto wetu waliotawanyika Tanga, Dar es Salaam na Arusha wanaporudi nyumbani, mabasi yakapanda yakiwa yamejaa, na harusi nyingi zikapangwa katika majuma hayo. Idi haishiki mwezi mmoja, kwani kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kama kumi na moja, lakini ikitokea kuangukia likizo yako basi usiiache.

Ila kama ningeombwa kuchagua jambo moja tu la kumwonyesha mama, ningechagua gulio. Soni huwa na gulio Jumanne na Ijumaa, Lushoto mjini Alhamisi na Jumapili, na Sunga, kule juu kuelekea Mtae, Jumatano. Nenda asubuhi mapema. Kina mama hushuka kutoka vijijini na mizigo kichwani, wakatandika magunia chini na kupanga mafungu ya karoti, pilipili hoho, viazi na, katika Desemba hadi Februari, plamu na pichesi zenye ungaunga mweupe wa asubuhi ambao bado haujafutwa na mikono. Upande mwingine vijana hufunga matenga kwa kamba za mkonge na kuyapandisha kwenye malori yanayokwenda Dar es Salaam, na bei hupanda na kushuka mbele ya macho yako kadiri lori linavyokaribia kujaa. Mama akikaa pale kwa saa mbili na kununua fungu moja hapa na jingine pale, atakuwa ameongea na watu wengi kuliko ambao angewaona katika ngoma yoyote.

Mpenda Misitu

Nakubaliana na Mzawa kuhusu magulio, lakini kwa upande wa watoto naona Juni ina haki yake. Katika Usambara ya Magharibi mvua za masika huwa zimekwisha au zinaishia, njia za msituni zinaanza kukauka, na hatari ya maporomoko ya udongo barabarani imepungua. Kasoro yake ni baridi na ukungu. Lushoto iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na usiku wa Juni na Julai unahitaji sweta nzito na blanketi mbili, jambo ambalo mtu wa Shinyanga asilichukulie kwa wepesi.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu wa jiografia, jambo la kuwaonyesha wanafunzi wako wawili ni namna milima hii inavyofanya kazi. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga miteremko ya mashariki, hupanda, hupoa na kuwa mvua na ukungu, na hali hiyo imeendelea kwa muda mrefu sana hivi kwamba msitu ulisalia hapa hata zama ambazo nyanda zilizouzunguka zilikuwa kavu. Viumbe walibaki wametengwa juu ya milima na kubadilika kivyao. Ndiyo maana kuna ndege na vinyonga wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na ndiyo maana kila ekari inayokatwa hapa ni hasara isiyoweza kufidiwa kwa kupanda mikaratusi.

Nendeni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, kilomita chache kutoka Lushoto mjini. Mtawaona mbega weusi wenye mabega meupe, miti ya mkulo yenye vigogo vinene, na kuvu na kangaga kila mahali. Kiingilio hulipwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu, nanyi dai stakabadhi. Kwa vinyonga, msihangaike mchana. Mwombeni mwongozaji awatoe baada ya magharibi kwenye ukingo wa msitu au hata kwenye ua wa mashamba, mmulike matawi kwa tochi: kinyonga aliyelala hupauka, kwa hiyo mwanga ukimpitia huonekana mweupe juu ya majani ya kijani, mkia umejiviringa na miguu imekumbatia kitawi. Mmulike kwa muda mfupi tu na msimguse. Vinyonga wa huku huwindwa na kuuzwa nje ya nchi kama wanyama wa kufugwa, kwa hiyo mtu yeyote akija kukuuzia au kukushikisha kinyonga kwa malipo, mkatalie.

Mwalimu wa Shinyanga

Nawashukuru nyote. Naona moyo unaelekea Desemba kwa ajili ya mama, lakini naogopa matope. Naomba pia mnifafanulie habari ya ngoma, na kama kuna mandhari ambayo mama anaweza kuyafikia bila kupanda.

Mzawa wa Mlalo

Mvua za Desemba ni za vuli na huja kwa vipindi, hasa alasiri, kwa hiyo panga matembezi ya asubuhi. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni ya lami, kilomita thelathini na ushei za kona mfululizo kando ya bonde, na maporomoko ya Soni yanaonekana kutoka barabarani. Mama akae kiti cha mbele. Barabara za vijijini ndizo zenye utelezi, na gari lisilo na nguvu kwenye magurudumu yote manne lisijaribu kwenda Mtae baada ya mvua ya usiku kucha.

Mandhari ya mama ni Irente, genge lililo karibu na Lushoto mjini. Gari au bajaji inafika karibu kabisa na ukingo, kisha ni kutembea kidogo tu. Chini yake, karibu mita 1,000 wima, kuna mashamba ya mkonge ya Mazinde na tambarare inayoendelea mpaka macho yachoke. Mweleze mama habari ya mahali hapo. Mfalme wa Wasambaa, Kimweri ye Nyumbai, alitawala kutoka Vuga, juu mlimani, na utawala wake ulifika hadi pwani. Alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja aliona kwamba nguvu sasa iko kwenye njia ya misafara, akajenga chini pale Mazinde, na Vuga ikadhoofika kwa vita vya ndugu. Ukisimama Irente unaona kwa nini: aliyekaa bondeni ndiye aliyeshika biashara ya bunduki na pembe za ndovu. Karibu na hapo kuna shamba la Irente la kanisa la Kilutheri, ambako mtapata jibini, jamu na mkate mweusi, na bustani ya kukaa.

Kuhusu ngoma, vikundi vya utalii wa kitamaduni vilivyo Lushoto mjini vinaweza kuwaandalia mdumange, ngoma ya Kisambaa, kwa malipo, na hilo si kosa, kwani wachezaji nao wanaishi. Ila kama mko hapa kwenye majuma ya harusi, mwambieni mwenyeji wenu mapema kwamba mama angependa kualikwa. Wasambaa hawamfukuzi mgeni mzima aliyekuja na zawadi, hata ikiwa ni kilo mbili za sukari au jozi ya khanga. Mama ataketi na kina mama wenzake jikoni, na huko ndiko nyimbo zinakoanza kabla hazijafika uwanjani. Kamera ibaki mfukoni mpaka mwenye shughuli aseme sawa. Makaburi ya wafalme kule Vuga nayo yana wenyewe, kwa hiyo msiende bila kupelekwa na mzee wa hapo.

Mpenda Misitu

Niongeze jambo moja kwa Desemba. Mkiwa na siku mbili za ziada, wakati wa kurudi shukeni hadi Muheza na kupanda Amani, katika Usambara ya Mashariki. Huko ni chini zaidi na joto zaidi, na gari linafika hadi penye nyumba za wageni za hifadhi, hivyo mama hatapata shida. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo huko mwaka 1902, na bustani yao ya miti ya kigeni ingalipo. Milima hii ndiyo iliyotoa lile ua la urujuani linalopandwa kwenye vyungu madirishani kote Ulaya. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na ofisa wa kikoloni aliyekuwa Tanga, na jina lake la ukoo, Saint Paul, ndilo lililoingizwa katika jina la kisayansi ambalo ua hilo lilipewa wakati huo. Waulizeni walinzi wa lango la Sigi wawaonyeshe lilivyo porini, kwenye miamba yenye kivuli kando ya maji. Magari ya kutoka Muheza hupanda Amani kwa nadra na huondoka mchana, kwa hiyo mkitoka Lushoto hakikisheni mnapanda basi la kwanza la asubuhi.